Gofu kwenye mchanga wa Skandinavia: Safari inayopangwa kwa upepo, mwanga na sheria

Viwanja vya gofu vya asili vilivyo kando ya bahari nchini Denmark, Uswidi na Norwe huwavutia wachezaji wa Ujerumani na wa mataifa mengine kila majira ya joto. Ardhi inayovibeba viwanja hivyo ni finyu, inalindwa na sheria, na katika baadhi ya maeneo bahari imeanza kuidai. Anayepanga safari ya namna hiyo hana budi kuyafahamu hayo kabla ya kununua tiketi.

Safari ya gofu kwa kawaida hupangwa kwa kuangalia bei, hoteli na umaarufu wa kiwanja. Kwa viwanja vya mchanga vya kaskazini, vigezo hivyo havitoshi. Mchezaji anaweza kulipia siku tano na akacheza mbili tu kwa sababu ya upepo. Anaweza kufika wakati nyumba zote za wageni zimejaa watu waliofuata mashindano ya farasi. Anaweza pia kukataliwa mlangoni kwa kukosa karatasi moja kutoka klabu ya nyumbani kwake.

Linksi ni ardhi ya aina gani?

Viwanja vya aina hii hujulikana duniani kote kwa jina la linksi. Neno hilo limetoka Scotland, ambako lilitumika kutaja ukanda wa mchanga ulio kati ya ufuo wa bahari na mashamba. Ukanda huo haukufaa kwa kilimo. Mchanga wake hauhifadhi maji, chumvi hupeperushwa na kutua juu ya mimea, na upepo hauiachi miti ikakua. Wenyeji waliuacha kwa malisho ya kondoo na kwa michezo. Inasimuliwa kwamba kondoo walipokuwa wakijikinga na upepo nyuma ya vilima waliparua nyasi mpaka mchanga ukabaki wazi, na mashimo hayo ndiyo yaliyozaa mitego ya mchanga inayojulikana leo na kila mchezaji.

Tabia ya ardhi hiyo ndiyo inayoutofautisha mchezo. Mvua ikinyesha, maji hupotea mchangani kwa muda mfupi, na kiwanja hubaki kikavu na kigumu. Nyasi zinazostahimili mazingira hayo ni nyembamba na hukua polepole, hivyo hazihitaji maji mengi wala mbolea nyingi. Mpira ukianguka haubaki pale ulipoangukia. Hudunda, hubingirika, na mara nyingi huishia mahali ambapo mchezaji hakupakusudia. Kwa sababu hiyo, wazoefu huupiga mpira chini chini ili upepo usiuchukue, na huacha ardhi yenyewe iufikishe karibu na shimo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba kila kiwanja kilicho karibu na bahari ni linksi. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, kwa mfano, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na viwanja vyake vina minazi na nyasi nene za nchi za joto. Mandhari ni ya bahari, lakini mpira hauendi kama unavyokwenda juu ya vilima vya mchanga vya kaskazini.

Kwa nini ni vichache?

Ramani ya Skandinavia inaonyesha pwani ndefu kupita kiasi, na bado viwanja vya linksi vinavyostahili jina hilo ni vichache. Sababu ya kwanza ni mwamba. Pwani ya Norwe imekatwa na ghuba nyembamba zenye kuta za mawe, na pwani ya magharibi ya Uswidi imejaa visiwa vidogo vya mwamba mtupu. Mchanga wa kutosha unapatikana zaidi magharibi mwa Jutland nchini Denmark, katika mikoa ya Skåne na Halland kusini mwa Uswidi, na katika fukwe chache za kaskazini ya mbali.

Sababu ya pili ni sheria. Nchini Denmark, ukanda wa ulinzi wa pwani nje ya miji hufika mita 300 kutoka ufuo. Uswidi inalinda mita 100 kila upande wa mstari wa maji, nchi kavu na majini, na mamlaka zinaweza kuuongeza ukanda huo hadi mita 300. Norwe nayo ina ukanda wa mita 100 ambamo ujenzi umepigwa marufuku kimsingi. Lengo ni kuwawezesha wananchi wote kuufikia ufuo na kuwalinda viumbe wanaoishi hapo. Viwanja vikongwe vilikuwapo kabla ya sheria hizo kupata nguvu ziliyo nayo leo. Kupata kibali cha kiwanja kipya juu ya vilima vya mchanga ni jambo gumu mno.

Uhaba huo umezaa tatizo kwa mnunuzi wa safari. Klabu kadhaa za bara hujitangaza kwa jina la linksi baada ya kurundika udongo wa shamba na kuupanda nyasi ndefu. Namna ya kuvitofautisha ni rahisi: mtu aangalie picha ya angani, atafute miti, apime umbali kutoka baharini, na aulize kama kiwanja kimekaa juu ya mchanga au juu ya udongo wa mfinyanzi.

Fanø: kisiwa cha maji kujaa na kupwa

Kwa anayetoka Ujerumani, mlango wa karibu zaidi ni kisiwa cha Fanø, kusini-magharibi mwa Denmark. Kisiwa hicho hakina daraja. Kivuko kutoka mji wa bandari wa Esbjerg huchukua takriban dakika 12, na tiketi inayonunuliwa Esbjerg hujumuisha safari ya kurudi. Mwenye gari katika majira ya joto hana budi kuweka nafasi mapema, ilhali anayekwenda kwa miguu au kwa baiskeli hupanda bila shida kubwa.

Mwishoni mwa karne ya 19, upande wa magharibi wa Fanø ulijengwa kuwa mji wa mapumziko ya bahari, na Wajerumani matajiri walikuwa miongoni mwa wageni wake. Kiwanja cha gofu kilitandazwa mwaka 1901 kwa ajili ya wageni hao, juu ya vilima vya mchanga ambavyo havikusawazishwa. Denmark ina klabu iliyotangulia, ile ya Copenhagen iliyoanzishwa mwaka 1898, lakini kiwanja cha Fanø ndicho kinachohesabiwa kuwa linksi halisi ya nchi hiyo. Njia zake ni nyembamba, vilima vyake hukinga shimo lisionekane, na mpira ukitoka njiani huzama katika majani na vichaka vifupi.

Kisiwa kimo katika Bahari ya Wadden, eneo la maji mafupi linaloanzia Uholanzi, kupita Ujerumani na kuishia Denmark. Maji yakipwa, uwanda mkubwa wa matope na mchanga hubaki wazi, na mamilioni ya ndege hushuka kula. Watu wa pwani ya Uswahilini, wanaojua bamvua na maji mafu, wangeielewa ratiba ya maisha ya hapo bila maelezo marefu. UNESCO iliziingiza sehemu za Ujerumani na Uholanzi katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009, na sehemu ya Denmark ikaongezwa mwaka 2014.

Fanø inaonyesha pia kwamba pwani ya mchanga haitulii. Fungu la Søren Jessens Sand, ambalo zamani lilitengwa na maji, sasa limeungana na kisiwa upande wa kaskazini-magharibi. Hapa bahari imeongeza ardhi badala ya kuipunguza, na ufuo umekuwa mpana kiasi kwamba magari huruhusiwa kupita juu yake.

Falsterbo: wachezaji, ndege na wapita njia

Kituo cha pili kiko upande wa pili wa Denmark, ng'ambo ya mlangobahari wa Øresund. Daraja lililofunguliwa tarehe 1 Julai mwaka 2000 linaunganisha Copenhagen na Malmö, na treni kutoka uwanja wa ndege wa Copenhagen hufika Malmö kwa muda usiozidi nusu saa. Kutoka Malmö, basi huelekea kusini-magharibi hadi rasi ya Falsterbo, ncha ya mwisho ya Uswidi.

Rasi hiyo ina historia inayogusa Ujerumani moja kwa moja. Katika Enzi za Kati, samaki aina ya heringi walijaa katika maji yake, na wafanyabiashara wa Lübeck walileta chumvi ya Lüneburg ili kuwahifadhi. Soko hilo lilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya Ulaya ya Kaskazini. Karne kadhaa baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uswidi ilichimba mfereji katika shingo ya rasi ili meli zake ziepuke mabomu yaliyotegwa na Ujerumani nje ya ncha hiyo. Mfereji ulikamilika mwaka 1941 na bado unatumika. Daraja lake hunyanyuliwa kupisha mashua, kwa hiyo mwenye saa maalumu ya kuanza mchezo asifike dakika za mwisho.

Klabu ya Falsterbo ilianzishwa mwaka 1909. Kiwanja chake kinazunguka mnara wa taa uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18, na mashimo ya mwisho yanapita kando ya bahari yenyewe. Pembeni mwake kuna klabu nyingine mbili, Flommen na Ljunghusen, hivyo mgeni anaweza kucheza siku tatu katika viwanja vitatu bila kubadilisha nyumba ya kulala. Yapo maji ya kinamasi katikati ya njia, na hayo yamo ndani ya hifadhi.

Hapa mchezaji hagawani ardhi na wachezaji wenzake tu. Wapenzi wa ndege hupita kando ya kiwanja kuelekea Nabben, ncha ya rasi, kwa sababu Falsterbo ni moja ya mahali mashuhuri zaidi barani Ulaya pa kutazama ndege wahamao. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, ndege kutoka Uswidi, Norwe na Ufini hukusanyika hapo kabla ya kuvuka maji. Baadhi yao husafiri hadi Afrika. Mbayuwayu hufika kusini mwa bara hilo, na kuna ndege wadogo wa misitu ya kaskazini mwa Uswidi wanaopitisha miezi ya baridi Afrika ya mashariki na kusini. Ndege anayepumzika juu ya nyasi za kiwanja mwezi Septemba anaweza kuwa katika mti wa mkoa wa Arusha kabla ya mwaka kwisha.

Kusini mwa kiwanja kuna fungu la mchanga liitwalo Måkläppen, makazi ya sili na ndege. Kukanyaga fungu hilo ni marufuku kuanzia tarehe 1 Februari hadi 31 Oktoba, yaani katika msimu wote wa gofu. Wakati huohuo, utamaduni wa Uswidi unampa kila mtu haki ya kutembea katika mazingira ya asili, haki iliyotajwa katika Katiba tangu mwaka 1994. Mwenye kiwanja hawezi kuufunga ufuo. Mgeni aliyezoea klabu zenye ukuta na mlinzi getini hushangaa kuona familia ikipita na taulo na mbwa, na adabu ya mahali inamtaka asubiri mpaka watu wapite ndipo apige.

Lofoten: mchezo wa usiku wa manane

Kituo cha tatu kiko mbali na viwili vya kwanza kwa zaidi ya kilomita 1,300. Kwenye kisiwa cha Gimsøya, katika visiwa vya Lofoten nchini Norwe, familia moja iligeuza sehemu ya shamba lake kuwa kiwanja. Kilianza na mashimo machache mwaka 1998 na kufikia mashimo 18 mwaka 2015. Kiko kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, kwenye latitudo ya nyuzi 68.

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, jua halizami huko. Wachezaji huanza saa nne usiku na kumaliza saa nane, wakiwa wamevaa kofia za sufu na miwani ya jua kwa pamoja. Shimo la pili linapigwa kuelekea mwamba uliochomoza baharini. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huizuia bahari isigande, lakini haufanyi hewa kuwa ya joto: wastani wa Julai ni takriban nyuzi 12 hadi 13 za Selsiasi.

Kufika ni kazi. Msafiri huruka hadi Bodø, kisha huchukua ndege ndogo hadi Svolvær au Leknes, au kivuko cha saa tatu hadi nne hadi Moskenes, na kumalizia kwa gari. Idadi ya watalii imekuwa suala la kisiasa. Mwaka 2025 Bunge la Norwe liliidhinisha sheria inayoziruhusu manispaa zenye shinikizo kubwa la wageni kutoza hadi asilimia 3 ya bei ya malazi, fedha ambazo zinapaswa kutumika kwa huduma kama vyoo vya umma na njia za miguu. Msafiri anashauriwa kuuliza kama manispaa anayoiendea imeanza kutoza.

Wakati gani, na kwa mpangilio upi?

Msimu wa kusini, yaani Fanø na Falsterbo, ni Aprili hadi Oktoba. Mwezi Juni mchana hufika takriban saa 17 na nusu, na mtu anaweza kuanza mzunguko baada ya chakula cha jioni. Julai ni mwezi wa likizo kwa Waswidi na Wadenmark, na Falsterbo hupokea pia maonyesho makubwa ya farasi ambayo hujaza vitanda vya rasi nzima. Mwenye kutafuta nafasi na bei nafuu zaidi atafanya vyema kuchagua nusu ya pili ya Mei au nusu ya kwanza ya Septemba. Kwa Lofoten, dirisha ni jembamba zaidi: Juni na Julai kwa jua la usiku, Agosti kwa utulivu.

Upepo ndio usiopangika. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kusi na kaskazi huja kwa majira yake na kwa miezi inayojulikana. Kaskazini mwa Ulaya, upepo wa magharibi ndio unaotawala, lakini mvumo wake hubadilika siku kwa siku, na wakati mwingine saa kwa saa. Utabiri wa nchi hizi hutolewa kwa mita kwa sekunde. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ni sawa na kilomita 36 kwa saa, na ukivuma usoni humlazimu mchezaji kutumia fimbo ndefu zaidi kwa hatua mbili au tatu. Kwa hiyo, ratiba yenye busara huacha siku moja ya akiba kwa kila siku tatu za mchezo, na haiweki safari ya ndege asubuhi inayofuata siku ya mzunguko wa pekee.

Safari ya siku 10 inaweza kupangwa hivi: treni kutoka Hamburg hadi Esbjerg na siku tatu Fanø, treni ya takriban saa tatu hadi Copenhagen, kisha Malmö na siku nne Falsterbo, mwisho ndege hadi Lofoten kwa walio na nguvu na fedha za ziada. Asiyekuwa na zaidi ya wiki moja ashike Fanø au Falsterbo pekee. Kuzikimbilia zote mbili pamoja na Lofoten ndani ya siku saba ni kulipia viti vya ndege badala ya mchezo.

Karatasi zisizosahaulika

Klabu nyingi za Skandinavia humtaka mgeni athibitishe kwamba ni mwanachama wa klabu inayotambulika na kwamba ana handikapu, yaani kipimo cha uwezo wake. Tangu mwaka 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia wa kukokotoa kipimo hicho, na kiwango chake cha juu ni 54. Viwanja vyenye wateja wengi huweka ukomo wa chini zaidi kwa saa zenye msongamano. Mchezaji aliyesajiliwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ahakikishe ana barua au cheti cha klabu yake, na akitume wakati wa kuweka nafasi.

Jambo jingine linalowashangaza wageni kutoka Afrika Mashariki ni kutokuwapo kwa kedi. Katika Uswidi, ambako zaidi ya watu nusu milioni ni wanachama wa klabu katika taifa la takriban watu milioni 10 na nusu, gofu ni mchezo wa watu wa kawaida, na kila mmoja hubeba au huvuta mfuko wake. Hakuna wa kumweleza mgeni mahali upepo unapogeukia. Ni vyema kununua kijitabu cha kiwanja au kuomba kucheza na mwenyeji.

Nchi zote tatu zimo katika eneo la Schengen. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji viza moja, na huiomba katika ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Ada kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inayohitajika ni ya angalau yuro 30,000. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anaweza kuzitembelea kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya siku 180, mradi awe na pasi yake. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo forodha yake ina masharti yake. Aidha, kila nchi ina sarafu yake, na kroni ya moja si kroni ya nyingine.

Bahari inayopanda

Swali la iwapo viwanja hivi vitaendelea kuwapo si la kinadharia. Tarehe 20 na 21 Oktoba 2023, dhoruba ya upepo wa mashariki iliyasukuma maji ya Bahari ya Baltiki kuelekea Ujerumani, Denmark na kusini mwa Uswidi. Mjini Flensburg, maji yalifika mita 2.27 juu ya kiwango cha kawaida. Baltiki haina kujaa na kupwa kunakohisika. Ni upepo unaoyainua maji yake. Novemba 1872, dhoruba ya namna hiyohiyo, kubwa zaidi, iliua zaidi ya watu 250 katika pwani za eneo hilo.

Jiolojia inaongeza uzito wa jambo hili. Barafu nene iliyofunika Skandinavia iliyeyuka yapata miaka 10,000 iliyopita, na ardhi iliyokuwa imelemewa bado inainuka. Kaskazini mwa Uswidi inainuka kwa karibu sentimita moja kila mwaka, haraka kuliko bahari inavyopanda. Skåne, iliyo kusini kabisa, inapata sehemu ndogo mno ya mwinuko huo. Rasi ya Falsterbo ni ya mchanga, ni tambarare, na haina pa kukimbilia.

Manispaa ya Vellinge, inayoisimamia rasi hiyo, imepanga kujenga tuta la kinga kuzilinda nyumba, na mpango huo umepitia mabishano marefu ya kisheria. Ugumu wake unaeleweka. Tuta hulinda makazi, lakini mbuga za ufukweni hutegemea kufurikwa mara kwa mara. Zikibanwa kati ya tuta na bahari inayopanda, hukosa nafasi ya kurudi nyuma, na ndege wanaozitegemea hupoteza malisho.

Klabu zenyewe zimebadilika. Mashirikisho ya gofu ya nchi za Nordiki yalianzisha mwaka 2006 mfuko wa pamoja wa kufadhili utafiti wa nyasi na mazingira, na Denmark iliweka mwaka 2013 ukomo wa kisheria wa viuatilifu katika viwanja vya gofu. Nyasi nyembamba za linksi zina nafuu hapo, kwa kuwa zilikuwa zikiishi bila dawa tangu zamani. Mgeni atakayekuta nyasi za rangi ya hudhurungi mwezi Julai asidhani kiwanja kimetelekezwa. Hiyo ndiyo rangi yake ya kiangazi.

Kwa mchezaji, matokeo ya yote haya ni ya kiutendaji. Aulize kabla ya kulipa kama mashimo yote yamefunguliwa baada ya dhoruba za majira ya baridi, asome masharti ya kurudishiwa fedha, na atii kamba zinazoonyesha mahali ndege wanapotaga. Kiwanja cha bara kikiharibika, klabu huweza kununua shamba jingine. Kiwanja cha mchanga kikichukuliwa na maji, sheria zilezile zinazoulinda ufuo leo zitafanya iwe vigumu mno kukijenga upya kando ya bahari.